Mlango wa Chumba cha Kumi na Nne

Usiku ofisi ya pareto ilinuka maua makavu na magunia,
na baba, bawabu, aliniingiza ndani
nisipigwe na baridi ya Nakuru.
Ndimo nilimomkuta Bi Tapkigen, karani wa malipo,
amebaki peke yake na ile mashine ya maandishi ya kijani.

Mchana aliilisha majina ya wakulima wa Molo na Olenguruone,
kilo zao, makato yao, deni la mbolea.
Usiku, katika nafasi iliyosalia,
nafasi finyu kama ukingo wa daftari,
alichimba shimo.

    Umesimama ukingoni mwa Menengai.
    Mvuke unapanda kusini.
    Una panga, tochi, viazi viwili.
    Nguvu 12. Njaa 3. Bahati 5.
    Unafanya nini?

Nilikuwa darasa la tano.
Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo.
Niliandika: SHUKA.

Picha hazikuwepo. Fisi alikuwa herufi F,
chatu alikuwa C, na mimi
nilikuwa nukta yenye mkia.
Lakini ile F iliposogea,
hatua moja kwa kila hatua yangu,
nilipandisha miguu kitini.

Ramani niliichora nyuma ya karatasi za malipo,
zile zenye matundu pembeni,
kwa penseli ya baba ya kuandikia namba za malori.
Nilikufa pangoni. Nilikufa kwa njaa,
viazi vyote nimempa bikizee wa chumba cha sita
ambaye, kumbe, alikuwa na ghala.
Chumba cha tisa nilikuta kaburi:
    Hapa kalala T., aliyesahau tochi.
Hiyo tu ndiyo saini yake.

Kisha mlinzi wa daraja:
    Kitendawili. Ua linaloua.
Siku tatu nilikuna kichwa,
nimekalia gunia lake.

Chumba cha kumi na nne kilikuwa na mlango,
na mlango ulikuwa na maneno:
    Huku bado hakujajengwa. Rudi Agosti.

Agosti ilitukuta Rongai, baba hana kazi.
Baadaye nikasikia mashine zile ziliuzwa kwa kilo,
kama maua.

Siku hizi binti yangu Nekoye hupigana na majoka kwenye simu,
magamba yao yanang'aa, mvua inalowesha nguo za askari.
Juu, pembeni, mstari mwekundu unapungua.
Hiyo naijua, nikamwambia. Hiyo ni Nguvu 12.
Hakuinua macho.
Mchezo ukiisha, majina ya waliouunda hupanda
kama siafu ukutani,
mamia, naye huyaruka.

Nilimpata Bi Tapkigen huko Njoro, akipima maziwa langoni.
Nikamuuliza nyuma ya ule mlango kulikuwa na nini.
Alicheka hadi kikombe kikamwagika.
"Kumbukumbu iliisha," akasema.
Sikuuliza ya nani.
Akanijazia lita, akaongeza kidogo.

Usiku huo nilichana ukurasa kwenye daftari la hesabu la Nekoye,
lile la vyumba vya mraba,
nikachora mlango upande wa kusini, penye mvuke,
nikauacha wazi.
"Na hiyo F ni nini?"
Simu ilikuwa imelala kifudifudi mezani.
Nenda taratibu, nikamwambia.
Inasogea pale tu unaposogea wewe.