Dakika Kumi na Mbili

Saa tisa usiku basi liliondoka Parkdale,
sisi ishirini na mmoja, chupa za chai ya siagi mapajani,
kila mtu na bahasha yake,
kila bahasha karatasi tatu.
"Ya nne hawaisomi," alisema Norgyal,
aliyekwenda Ottawa mara kumi na moja
na bado hunyoosha tai kama bwana harusi.

Njiani alitufunda.
Usilie mwanzoni: ukilia mwanzoni wanatazama saa.
Usianzie mwaka wa hamsini na tisa,
unayesema naye hakuwa amezaliwa,
wala baba yake hakuwa ameoa.
Omba jambo moja.
Aombaye mlima hupewa kahawa.

Nikarudia sentensi yangu gizani
kama ninavyowarudia wazee wa zamu yangu
dawa ya asubuhi, dawa ya jioni:
Mheshimiwa, tunaomba kamati isikilize habari za shule za bweni.

Langoni theluji ilikuwa imeparuliwa hadi kwenye jiwe.
Mkanda, viatu, bangili ya mama kwenye trei.
Mashine ikalia.
Askari akaigeuza bangili, akalitazama feruzi,
akasema nzuri, akanipa beji: SAMCHO.
Mimi ni Tsamchoe. Sikumsahihisha.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
jembe langu ni beseni na mopu,
mwaka wa kumi na saba huu,
na bado jina langu liko siku ya kwanza.

Mbunge alikuwa na mafua.
Jimbo lake ni ngano hadi upeo wa macho.
"Unajua ngano yetu hununuliwa na nani?"
aliuliza, bila ubaya,
kama mtu anayekufunulia kidonda chake
wewe uliyemletea chako.

Nikamweleza mpwa wangu. Miaka sita.
Mwaka Mpya tulipiga simu, akajibu
kwa lugha ya shule, haraka, vizuri sana,
na bibi yake, aliyeishika simu kwa mikono miwili,
akahitaji mkalimani
kumwuliza mjukuu kama amekula.

Pua ikanyamaza. Kalamu ya msaidizi,
kijana mdogo kuliko mwanangu, ikanyanyuka:
"Anaitwa nani? Mheshimiwa akisimama na jina
ukumbi hutulia. Bila jina ni hesabu tu."

Jina lilikuwa pale, nyuma ya meno.
Nikilitoa litachapwa, litatafsiriwa,
litafika kabla ya barua yangu yoyote,
litabisha mlango wa dada yangu
saa ambazo milango haibishwi.
Nikilimeza, nimesafiri usiku kucha
kuja kusema hesabu.

Dakika ya tisa. Ya kumi.

"Andika mtoto wa kike," nikasema.
"Andika anapenda kulamba sukari juu ya mkate
kisha anaurudisha mkate sahanini."
Akaandika. Nikaona mkono wake ukipunguza mwendo.

Tulimvisha mbunge skafu nyeupe,
akaipigia chafya, akaomba radhi mara tatu,
tukacheka sote, hata Norgyal.
"Nitaliangalia," akasema mlangoni.

Koridoni Norgyal akafungua daftari lake.
"Mwaka jana ilikuwa asanteni kwa kuja,"
akasema, akaandika nitaliangalia,
akaweka tarehe.

Kurudi, nilisahau kuibandua beji.
SAMCHO, kwenye kioo cha basi, kinyumenyume.
Nikaifikiria hadi Kingston:
mtu aweza kutembea mchana kutwa, bungeni,
na jina lililokosewa,
likamfungulia milango, lisimdhuru.
Nikaanza kumkosea mpwa wangu jina,
herufi moja hapa, moja pale,
kwa ajili ya mwaka ujao.

Zamu ya usiku. Mzee wa chumba cha nane
alitaka kujua nilikuwa wapi.
Nilikwenda kuomba jambo moja.
"Ukapewa?"
Kahawa, nikasema,
nikamgeuza ubavu wa pili, taratibu,
nikamfunika.