Nukta Kumi na Nne

Arusha, Februari. Vumbi la kahawa
limekaa juu ya mashine yangu kama mgeni asiyeaga.
Simu ya maandishi imefika tena kutoka Londoni:
wiki ya pili haiwezekani, Waziri ana bajeti;
ya nne pia hapana, ni Pasaka yao.
Dar es Salaam wanajibu: masika hayangoji mtu,
uwanja ukilowa ndege haitui,
na wajumbe watakuja kujadili nchi
wakiwa wamekwama katika tope lake.
Hilo la tope niliongeza mimi.
Bwana Pettifer akalikata kwa wino mwekundu.

Kisha meza. Siku sita nzima, meza.
Ndefu, wakae uso kwa uso? Itafanana na kesi.
Ya duara? Basi mwenyeji atajulikanaje?
Fundi Loibanguti kasimama mlangoni, penseli sikioni,
chumba amekipima mara tatu,
anasema kwa upole wa mtu anayelipwa kwa siku:
"Mbao ni zile zile, mabwana. Semeni kona ngapi."

Dirisha la kaskazini linautazama Mlima Meru.
Wageni wapewe mlima, ikaamuliwa,
wenyeji wameuona tangu wazaliwe.
Nikapiga chapa. Nakala saba, kaboni sita katikati.

Ajenda. Moja, makaribisho. Mbili, katiba.
Tatu, jeshi, na pensheni za maofisa wanaoondoka:
kurasa tisa, na viambatisho.
Nne, tarehe.
Hapo neno hakuna.
"Weka nukta," alisema, "zitajazwa."
Nikaweka kumi na nne, nikigonga
kama anayebisha hodi kwenye nyumba
anayoisikia ina watu.

Rasimu ile ilikataliwa; niliambiwa niichome.
Jumamosi nikapanda nayo Poli kwa mama,
ndani ya kikapu, chini ya sukari.
Ni kosa la kufukuzwa kazi, najua.
Mama alihamishwa Ngarenanyuki, nyumba ikiwaka nyuma yake.
Hasomi, ila karatasi za serikali anazijua kwa harufu.
"Sisi tumeandikwa wapi, Kaanaeli?"
Nikamshika kidole, nikakipeleka kwenye nne.

Nukta za mashine hutoboa karatasi nyepesi.
Akapapasa, kisha akaiinua mbele ya koroboi
na mwanga ukapenya kwenye vitundu.
Akahesabu kwa Kimeru, polepole,
kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.
Akarudia tangu mwanzo.
"Mmoja hajarudi," akasema,
akanipa karatasi yangu, akaenda kukoroga uji.

Jumatatu nikaandika upya.
Kumi na tatu nilizipiga kama kawaida.
Ya mwisho niliigonga kwa kidole cha kati,
kwa nguvu,
hata Bwana Pettifer akainua kichwa.