Mizani ya Kitangari

Karani alisoma: kilo arobaini na moja.
Mama yangu, Bi Somoe, akasema: rudia.
"Acha ujuvi, mama."
Foleni ikacheka. Nami nikashika gunia
kama nimeiba korosho zetu wenyewe.

Hakupandisha sauti. Alilamba kidole,
akafuta vumbi kwenye uso wa mizani:
arobaini na saba.

"Ujuvi nimeukubali,
una kujua ndani yake.
Ila wewe uliyenijibu kwa kisogo,
kalamu sikioni, chai mkononi,
wako ni ufidhuli.
Huo ndani mna nini?"

Karani akaandika saba juu ya moja,
wino ukavuja.

Njiani nikamwuliza kama alikasirika.
Akanirudisha nikaokote
korosho mbili zilizodondoka.