Saa Nne Kila Usiku

Barua ya bima ilisema: mgonjwa atumie mashine
saa nne kila usiku.
Mihayo akaielewa kikarani wa reli.
Saa nne kamili kwa saa ya ukutani
alipanda kitandani kama anayewahi treni,
akavaa kinyago, akakaza mikanda kisogoni,
na saa tano akakivua. Kazi imekwisha.
Wiki tatu tulikwenda hivyo
hadi binti wa dirisha la tatu alipotucheka kwa upole:
"Ni muda wa kuivaa, baba. Siyo saa ya kulala."

Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu.
Kabla ya mashine, hapa Isevya,
nililala upande wa ukuta nikiusikiliza mkoromo
unavyopanda mlima, unavyokaribia kilele,
halafu kimya.
Moja. Mbili. Tatu.
Siku moja nilifika thelathini na nane
nikamchapa kofi la bega, akazinduka akiuliza
mzigo wa nani umeachwa.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya kukodi.
Ilivuma kama mzinga wa nyuki uliotundikwa chumbani.
Mwaka wa tano ikaanza kukohoa yenyewe.
Daktari akaandika: ibadilishwe, apewe inayojirekebisha.
Bima ikajibu: kifaa hubadilishwa kila miaka mitano,
chenu kina miaka minne na miezi saba,
na tena kumbukumbu zake zinaonyesha
mgonjwa hakitumii.

Hakitumii!
Ndani yake mna kijidude kinachoandika
saa ilipowashwa, saa ilipozimika.
Hakijui mgawo wa umeme.
Hakijui nguzo zilizolala chini Kiloleni kwa mvua za Februari,
wala mume wangu aliyekaa gizani
na mpira puani usioleta kitu.

Nikatoa daftari langu.
*Februari 11: umekatika saa saba na dakika kumi.*
*Februari 12: haujarudi.*
*Februari 13: umerudi. M. kalala saa sita mfululizo.
Nimeamka mara mbili kumwangalia.*
Kurasa arobaini.
Nimefundisha hesabu darasa la sita miaka ishirini na saba,
safu zangu hazipindi.
Yule binti, kumbe anaitwa Nyamizi,
akazipiga picha moja moja kwa simu yake,
akazituma kwa bando lake.

Idhini ikaja Juni. Ikaja na ankara.
Mashine: imelipwa.
Kinyago: nusu.
Mpira: nusu.
Kikasha cha mvuke: hakimo kwenye orodha.
Kodi ya mashine ya zamani, Juni:
atalipa mwanachama, kwa kuwa haijarudishwa.
Basi mwezi mzima, kwenye karatasi,
Mihayo alikuwa na pua mbili.
Nikauza madebe mawili ya asali ya Sikonge
tuliyoweka kwa posa ya mjukuu,
nikaigharimia pua ya pili.

Hii mpya haivumi.
Usiku wa kwanza sikusikia kitu, nikakurupuka,
nikaweka kiganja kwenye vitundu vya kinyago.
Hewa ya vuguvugu ikanigusa.
Nikarudi kulala, macho kodo, sina cha kuhesabu.
Nikahesabu hivyo hivyo.

Leo tumeipeleka ya zamani stesheni
irudi Dar kwa nauli yetu.
Mihayo akainyanyua kwa mkono mmoja, kafumba macho,
kama zamani kwenye kaunta ya vifurushi.
"Mbili na robo," akasema.
Kijana wa zamu akaiweka kwenye mizani.
Mbili na robo.
Akaomba risiti. Akaomba na nakala ya risiti.
Akanipa zote mbili nizibandike kwenye daftari.