Imeganda?

Chumba cha nyuma ya duka la pembejeo, Mkuti, Masasi.
Feni inasuasua, salfa ya mikorosho inanuka hadi ukutani,
na Somoe, miaka kumi na miwili, ndiye mjaribu wangu:
ujira wake soda moja na maandazi mawili kwa jioni.

Gemu langu lina mjumbe. Anatoka Mangaka kwa baiskeli
kuleta habari ya msiba.
Mara ya kwanza nilimwandikia mstari mmoja tu:
"Kaka yako amefariki."
Somoe akacheka hadi soda ikampalia.
"Huyu katokea wapi? Hata hodi hajapiga!"

Nikaandika upya. Hodi. Karibu. Habari za hapa?
Njema. Za watoto? Njema. Za mikorosho?
Imechanua, tunashukuru. Na huko utokako?
Njema tu —
na kidole gumba cha Somoe kikaanza kutwanga kitufe,
twa, twa, twa, kama mtwanga mtama wa kulipwa,
msiba ukapita mbio bila kuonwa,
yeye tayari yuko kisimani anatafuta ufunguo.

Usiku ule sikulala. Niliikumbuka simu ya shangazi,
mwaka ule wa mvua nyingi:
hamjambo, hatujambo; habari za huko, njema;
za nyumbani, njema;
na njema yake ya tatu ilikuwa na kitu ndani,
kama jiwe kwenye wali.
Akanyamaza. Nikasikia jogoo wa upande wake,
nikasikia mtu akiburuta kiti.
Kabla hajatamka jina, nilikuwa nimekwisha kukaa chini.

Nikawasha kompyuta. Maneno sikuyagusa.
Njema ya kwanza nikaiacha na mwendo wake.
Ya pili nikaichelewesha nusu pumzi.
Ya tatu ikatoka herufi moja moja,
kisha nikakiua kitufe: sekunde nne
pasipo kitu ila jogoo, na mjumbe
kashika kofia yake kwa mikono miwili.

Leo Somoe amefika hapo. Ametwanga mara moja,
mara mbili. Kimya.
Akanigeukia: "Imeganda?"
"Haijaganda," nikamwambia. "Anameza mate."

Akatazama tena kioo.
Soda imebaki nusu, povu limekwisha,
na kidole gumba kimenyanyuka, hakijui pa kutua.