Duka la Misumari

Vichimbakazi hawavumilii chuma.
Imeandikwa hivyo ukurasa wa kumi na nne, kitabu cha kwanza,
nami nimekalia mfuko wa misumari ya inchi nne,
bati zimeegemea ukuta nyuma yangu mpaka darini,
nondo, bawaba, waya wa kufungia, makufuli kwa dazeni.
Nikacheka peke yangu.
Fundi aliyefuata kitasa akauliza, Mama, kuna nini?
Nikamwambia: mwanamfalme wa nchi ya baridi
ameungua kiganja kwa kugusa komeo.
Akahesabu chenji yake mara mbili.

Vitabu si vyangu. Ni vya Aikande, binti wa marehemu dada yangu,
aliyeviacha kwenye boksi la sabuni alipokwenda bweni Same:
vinne kati ya vitano, vya Kiingereza, migongo imepinda,
cha nne hakimo.
Nilivifungua nijue mtoto anaficha nini chini ya mto.
Hiyo ilikuwa Januari.
Sasa masika inapiga bati za Moshi nzima
na anayeficha ni mimi,
daftari la madeni juu, kitabu chini yake.

Mwanzoni jina liligoma.
Nikijaribu jini, ananijia na udi wake na ubani wake, ananukia pwani.
Malaika? Mchungaji angesikia.
Kichimbakazi nilimwokota kwenye kamusi,
neno lililokaa bila kazi
kama bawaba ya mlango usiojengwa.
Nikalipachika. Likashika.

Usile chakula chao. Usiwaambie asante.
Usiwatajie jina lako.
Jina langu! Mtu wa mapato analo, benki inalo,
analo kila aliyekopa saruji tangu mwaka juzi
akaapa kwa mama yake.
Tena hawawezi kusema uongo, hawa viumbe.
Wanaupinda ukweli tu, taratibu, kama nondo ya milimita nane,
mpaka unaingia wanapotaka.
Hao nawajua. Hao ni mafundi wa Majengo:
Kesho, Mama.
Hawajasema kesho ipi.

Kitabu cha tatu kilinitesa.
Binti wa mhunzi na yule mwanamfalme wamenuniana
kurasa mia moja na ushee,
kila mmoja na kiburi chake, vita vinakuja, hakuna anayeanza.
Nilitamani kumpenyezea kijana jani moja la isale,
nilichume pale kwenye mpaka wa kihamba chetu Kibosho,
aende nalo mlangoni kwa watu. Yaishe.
Akija mtu na isale unasamehe,
upende usipende.
Lakini kwao haukui mmea huo, ndiyo maana wanapigana miaka elfu.

Kisha nikafungua cha tano:
binti ana taji, na mkono mmoja.
Mmoja! Wa pili umekwenda wapi?
Wote wanajua, mpaka farasi, hakuna anayenieleza.

Pasaka Aikande akarudi, mrefu, mkimya,
mkimya vilevile tangu tulipozika.
Nilikuwa namenya ndizi. Nikauliza bila kumtazama,
Hivi ule mkono aliukata nani?
Sahani ikabaki hewani.
Mama mkubwa, umesoma?
Akacheka hadi akakaa chini, sakafuni, na sketi ya shule.
Cha nne amekiazima Nuruana wa kidato cha tatu, atakirudisha,
na hanidokezi hata neno, niseme nini, nilie nini.
Nikataka kusema asante. Akainua kidole.
Nikaimeza.

Jioni nafunga duka kwa makufuli matatu, kama siku zote.
Mawingu yakiachia, Kibo inachungulia kidogo
na mimi natafuta mlango ubavuni mwake.
Dirisha dogo la nyuma, la mbao, nimeling'oa nondo.
Nimesema ni kwa ajili ya hewa.
Ni kweli, hewa inapita.