Kilo Tisini za Mchanga

Dalali alisema tani tisini na mbili.
Mnunuzi akasema toa kutu, toa matope,
toa kiota cha kunguru kwenye honi.
Mimi karani, nikatoa.

Shaba ya mota ilihesabiwa peke yake
kama mahari ya binti mkubwa.
Chuma kilichobaki, kilo kwa kilo,
kilipewa bei ya sufuria iliyotoboka.

Kisha wakafungua visanduku vya pembeni.
Ukamwagika mchanga, mkavu, mweupe.
"Huu silipii. Kilo tisini, toa."
Nikaandika: mchanga, sufuri.

Ndipo Obura Nyamwanda,
aliyekaa kimya juu ya mataruma tangu asubuhi,
akavua koti akalitandika chini.

Tukadhani ni wazimu wa kustaafu.
Lakini yeye ndiye aliyekuwa usukanini
usiku ule wa mvua, mlima wa Londiani,
reli zikiteleza kama sabuni,
akavuta wenzo, mchanga ukadondoka
chembe kwa chembe mbele ya gurudumu
na mabehewa kumi na manane ya sukari ya Muhoroni
yakakubali kupanda.

Tochi ya gesi iliwashwa saa nane.
Kufikia magharibi tuliliona ziwa
mahali injini iliposimama miaka kumi na sita.

Jumapili nilimpitia Nyalenda.
Mchanga ulikuwa umeshakuwa saruji,
kidaraja cha mlango wa bafu
pale mkewe alipoteleza Aprili.

"Kanyaga," akaniambia.
Palikuwa na maji.
Nikakanyaga.